Darasa la hula la watoto, Forest Mpya, Mbeya: hesabu safi, sketi za nailoni hapana

Ni darasa la hula, ngoma ya jadi ya Hawaii, la Jumamosi asubuhi kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, dakika 45, sh. 5,000 kwa kipindi. Mzazi anayetaka mwanawe ajue kuhesabu na kushika mapigo atafaidika. Anayetaka video ya mtoto akikata kiuno aendelee kutafuta: kwenye hula nyonga hufuata magoti, na wiki za mwanzo ni magoti na miguu tu.

Hatua kuu ni kāholo, ya hesabu nne. Magoti yamekunjwa kidogo. Moja, mguu wa kulia unakwenda pembeni. Mbili, wa kushoto unaufuata. Tatu, wa kulia tena. Nne, wa kushoto unagusa tu sakafu bila kubeba uzito, halafu ndio unaoanza safari ya kurudi. Hiyo nne ndiyo inayowasumbua. Mtoto akishaukanyagia mguu wa kushoto, hana mguu huru wa kuondokea, basi anarukaruka au anachelewa pigo zima. Mwalimu wa hapa hafoki. Anawasimamisha kwenye nne na kuwaambia wainue mguu uliogusa. Aliyeukanyagia anayumba, na anajirekebisha mwenyewe.

Wanahesabu kwa Kiswahili kwanza, uamuzi mzuri. Moja hadi kumi zote zina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza: mguu unatua kwenye "mo", "ja" inajaza nafasi mpaka pigo linalofuata. Wadogo hukanyaga kila silabi na kumaliza wakati wenzao wako nusu ya njia. Dawa ni makofi kwenye silabi ya kwanza pekee, miguu ikiwa imetulia, kabla ya kuanza kutembea. ʻEkahi, ʻelua, ʻekolu, ʻehā, yaani moja hadi nne kwa Kihawaii, zinakuja baadaye.

Mapigo yanatoka kwenye kibuyu, yaani ipu. Kitako kikigongwa chini kinatoa "u". Vidole vikipiga ubavuni vinatoa "tē". Wanaanza na u, tē, u, tē-tē: kwenye nne mapigo mawili yanabanwa ndani ya hesabu moja, na mtoto anaionja nusu bila kutajiwa neno sehemu. Kibuyu cha kununua sokoni kinafaa kama ganda ni nene. Chembamba hupasuka kikigongwa kwenye saruji, kwa hiyo usicheke ukiona blanketi lililokunjwa chini yake.

Tulichopenda zaidi ni mawe, ʻiliʻili. Mchezaji mkubwa hushika mawili kila mkono na kuyagonganisha kiganjani. Kwa mkono wa mtoto wa miaka minne hilo haliwezekani, na darasa limekubali hivyo: jiwe moja kila mkono, wanagonga moja kwa jingine. Kule Hawaii ni mawe ya lava yaliyolainishwa na maji. Hapa mito inayoshuka kutoka Rungwe inayo tele. Chagua lisiloweza kuingia mdomoni. Mwishoni yanarudishwa kapuni manne manne, kwa sauti: nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita. Likipungua moja hakuna anayetoka mpaka lipatikane.

Pūʻili, fimbo za mianzi iliyochanwa, ni dhaifu. Inaonekana zimechongwa kwa mianzi ya ulanzi, ambayo ukuta wake ni mnene, kwa hiyo zinagonga kama rungu badala ya kuchakarisha. Zitafutiwe mianzi yenye uwazi mpana.

Sasa kero. Watoto 18 kwa mwalimu mmoja ni wengi. Wa mstari wa nyuma wanaiga mgongo wa mbele badala ya kuhesabu. Sakafu ni ya vigae na wanacheza peku: Juni na Julai, kwa baridi ya Mbeya, magoti yananyooka yenyewe na kāholo inageuka matembezi. Soksi zinateleza. Wanunue zulia.

Halafu zile sketi za "nyasi" za nailoni, sh. 12,000 mlangoni. Hula ina pāʻū, sketi ya kitambaa, au sketi ya majani ya mmea uitwao ti. Ngoma ambayo Mfalme Kalākaua wa Hawaii aliirudisha hadharani kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883 haihitaji plastiki, na sketi hizo zinaficha magoti ambayo mwalimu anapaswa kuyaona. Mfunge mtoto kanga, iishie juu ya magoti.

Vipindi ni viwili. Cha saa tatu kina watoto wachache. Cha saa nne ndicho chenye hao 18.