The Open au Masters: ipi ina historia nzito zaidi?

Kati ya mashindano haya mawili makubwa ya gofu, The Open haina mpinzani kwa umri. Ilianza 1860 huko Prestwick, Scotland: wachezaji 8 wa kulipwa, uwanja wa mashimo 12 uliozungukwa mara tatu kwa siku moja, na Willie Park akaondoka na mkanda wa ngozi. Tom Morris mdogo alipoutwaa mara tatu mfululizo, 1868 hadi 1870, ukawa mali yake moja kwa moja. Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika, kwani hapakuwa na zawadi ya kushindania! Jagi la fedha linaloshindaniwa sasa lilikuja baadaye.

Masters, iliyoanza 1934, haihami Augusta, Marekani. Hilo lina raha yake: mtazamaji analijua kila shimo, na koti la kijani la bingwa linatambulika kote. Lakini huchezi pale bila mwaliko, na mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, alicheza huko 1975 tu. Ndiyo maana ushindi wa Tiger Woods, naye mwenye asili ya Kiafrika, mwaka 1997, kwa tofauti ya mikwaju 12, uligusa hata wasiofuatilia gofu.

Mimi nachagua The Open. Viwanja vyake hubadilika, upepo wa bahari haumwonei mtu haya, na mchezaji asiye na jina bado anaweza kuingia kupitia mchujo.