Kifaa cha kukaza kiganja cha shilingi 15,000: nyota tatu, mbili nimeupa ukuta

Nina duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni kukaa. Naketi kwenye stuli saa mbili asubuhi, nainuka adhuhuri kuswali, narudi palepale. Nina miaka 51, na mazoezi yangu yalikuwa kunyoosha mkono kutoa chenji. Presha ilipofika 152 kwa 94 nikaandikiwa kidonge kimoja kwa siku, na daktari akanisisitiza niushughulishe mwili.

Ndipo nikanunua hiki kifaa: vishikio viwili vya plastiki, springi katikati, na kidude cha kuzungusha kutoka kilo 5 hadi 60. Bei ilianzia 25,000, tukapatana 15,000. Muuzaji akaniambia, "Mama, bana mara hamsini asubuhi, hamsini jioni, vidonge utavisahau." Vidonge sijavisahau, namshukuru Mungu, na siviachi mpaka daktari aseme. Hizo hamsini nazo hazikuwa zoezi lenyewe. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeninyoosha: unabana, unashikilia hapohapo dakika 2, unapumzika dakika 2, unarudia mpaka zitimie mara 4, siku 3 kwa wiki. Hubani kwa nguvu zote, ni asilimia 30 tu ya uwezo wako. Na unapumua kama kawaida, maana ukibana pumzi presha inapanda hapohapo.

Sasa asilimia 30 ya ngapi? Vifaa wanavyotumia watafiti vinasoma nguvu ya mkono wako. Hiki hakisomi kitu. Nilizungusha mpaka nikashindwa kukifunga, kikiwa kwenye 30, nikakirudisha 9. Kesho yake ile 9 ikawa laini kama chungwa bovu, kumbe kidude kinajirudisha chenyewe ukishikilia muda mrefu. Nimekifunga kwa seloteipu. Springi nayo inalia, mteja akiingia anatafuta panya.

Kosa jingine lilikuwa langu. Siku ya kwanza nilipomaliza tu nikavaa mashine ya presha, ikasoma 168. Nusura nifunge duka. Muuguzi akacheka: musuli ukiwa umekazwa unaminya mishipa, presha inapanda kwa muda, ukiachia, damu inarudi kwa kasi na mishipa inatanuka. Faida yake inakuja kwa wiki, haiji papo kwa papo. Ninapima asubuhi kabla ya chai, nimeketi kimya dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza.

Yeye ndiye aliyenitajia ukuta. Mwaka 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa uchambuzi wa majaribio 270 yenye watu karibu 16,000. Mazoezi haya ya kukaza bila kusogea yalishusha namba ya juu kwa wastani wa pointi 8 hivi, yale ya kutembea na kukimbia pointi 4 na nusu. Na kuchuchumaa kwa kuegemea ukuta ndiko kulikofanya vizuri kuliko kubana kiganja.

Ukuta wa stoo yangu umepakwa rangi ya mafuta. Siku ya kwanza dera liliteleza nikajikuta chini kati ya magunia ya sembe. Nikahamia upande wa plasta. Kijana wangu wa duka aliponikuta nimekunja magoti, mapaja yanatetemeka, akauliza, "Mama, nani kakupa adhabu?" Mwanzo dakika 2 zilinishinda, nikawa nashusha mgongo kidogo tu, magoti hayakunji sana. Sasa nafika.

Wiki ya 10 leo. Asubuhi nyingi nasoma 138 au 139 kwa 86. Siwezi kuapa ni zoezi tu, kwa sababu kidonge kipo na chumvi ya mezani nimeiondoa.

Kifaa nakitumia siku magoti yanapouma, au nikiwa kwenye basi kwenda Dar. Mwenye duka la simu jirani ananiulizia nimuuzie kwa 10,000. Nimemwambia aje kwanza ajaribu ukuta wangu, hajaja bado.