Swichi mpya ya nyutro: gari limewaka, lakini nimeudhika

Watazamaji wangu, karibuni tena. Swichi hii ya nyutro niliinunua mpya Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa shilingi 45,000, baada ya Corolla yangu ya otomatiki kukaa wiki nzima ikikataa kupiga stata kwenye P (gia ya kuegesha) na kukubali kwenye N (nyutro) tu. Kazi ya swichi mnaijua: huruhusu stata kupiga kwenye P na N tu, na huiarifu kompyuta ya gari leva iko kwenye gia gani. Kwa hiyo niende kwenye kilichonikera.

Naomba kamera isogee. Hii ni swichi ya zamani: ubavuni upo mstari mwembamba uliochongwa, nao ndio unaomwonyesha fundi nyutro ilipo. Bolti mbili hulegezwa, leva ya gia huwekwa kwenye N, mfereji wa katikati hulinganishwa na mstari, kisha bolti hukazwa. Sasa itazameni mpya. Nimeigeuza, nimeifuta kwa kitambaa, nimeimulika kwa tochi ya simu, na mstari haupo! Matundu ya bolti nayo ni marefu, hivyo swichi inacheza mbele na nyuma, na anayefunga kwa kukadiria hawezi kujua kama amepatia.

Mimi nilikadiria. Gari liliwaka kwenye P, nikafurahi, lakini nilipotia R, gia ya kurudi nyuma, taa za kurudi nyuma hazikuwaka, na nilipotia D, gia ya kwenda mbele, sailensa (kasi ya injini gari likiwa limesimama) ilishuka hadi injini ikatetemeka. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha plagi, ilhali kompyuta huongeza hewa inapoarifiwa kwamba gia imeingia. Swichi ikiendelea kuidanganya kwamba gari liko nyutro, mzigo wa giaboksi unaikuta injini haijajiandaa. Baya zaidi, nilikanyaga breki kwa nguvu, nikazungusha ufunguo leva ikiwa kwenye R, na stata ikapiga. Swichi iliyowekwa kuzuia jambo hilo ndiyo iliyoliruhusu.

Dawa yake ni multimita, kile kipimo cha umeme, ambacho nimekiweka kilie umeme unapopata njia kati ya ncha zake mbili. Nimechomoa soketi ya nyaya na kugusisha ncha kwenye pini mbili za njia ya stata. Sikilizeni: P inalia, R kimya, N inalia, D kimya. Ilinichukua karibu saa nzima ya kuisogeza kidogo kidogo kuipata sauti hiyo.

Wenzangu wa chaneli nyingine husifia swichi za mtumba, ambazo niliulizia nikatajiwa shilingi 60,000, nami nilikuwa nikiwabishia. Leo nawapa nusu ya haki, kwa sababu angalau zina mstari. Hata hivyo, mtumba huweza kuja na vigusio (vipande vya ndani vinavyounganisha umeme) vilivyokwisha kulika, na hii yangu, tangu ikae sawa, ina wiki tatu bila kosa. Ijumaa nitaipasua moja ya mtumba mezani, tuone ndani.

Kwa sasa nimejichongea mstari wangu kwa msumari. Huu hapa, umepinda kidogo.