Ajenti aliyekua na ufunguo wetu: uzoefu wangu wa kuuza fleti Tudor

Nimeuza fleti ya mamangu hapa Tudor, Mombasa, na nataka niandike kabla sijasahau, maana mie nilipokua natafuta ajenti niliuliza watu komisheni tu, yule anachukua ngapi na huyu ngapi, sikumuuliza hata mmoja anawaingizaje watu ndani ya nyumba. Na hilo ndo lilotutesa miezi 3.

Fleti yenyewe ni vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mamangu tangu alipoanguka miguu imekua haina nguvu, ngazi zimemshinda, tukakaa ndugu wote tukakubaliana iuzwe na yeye ahamie Mtwapa kwa dadangu ambako ni nyumba ya chini. Lakini wakati tunauza alikua bado yumo ndani, mie nalala nae, kwa hivo kila aliekuja kuangalia aliikuta nyumba ina mtu, tena mtu mzima yuko kitandani saa nyingi za mchana. Ameishi hapo miaka 26.

Ajenti wa kwanza tulipewa na jirani. Kijana mchangamfu, kila neno "dadangu", akatuhakikishia mwezi mmoja tu itakua imeuzwa. Tukapatana asilimia 3, bei ya kutangaza milioni 7.5, akapiga vidio, akaomba na ufunguo mmoja ati asinisumbue kazini kila mara kuja kufungua. Nikampa. Nilimuuliza kama amesajiliwa akasema anafanya kazi na ofisi iliyosajiliwa, nikaridhika, sikuomba kuona kitu. Sasa hivi najua Kenya kuna sheria ya maajenti wa nyumba, Sura 533, na kuna bodi yao ya usajili, na ukimuuliza ajenti cheti chake cha mwaka huo hujamvunjia heshima, unatakiwa umuulize.

Basi watu wakaanza kuja. Nilikua naandika kwenye daftari kwa sababu nilitaka kujua bei wanazotaja, na mpaka namuachisha kazi nilikua nimeandika makundi 31. Katika hao waliotaja bei ya maana ni wawili.

Nianze na maji maana mtu wa Mombasa atanielewa. Maji ya kaunti kwetu yanakuja siku mbili kwa wiki, saa zingine wiki nzima hayaji, ya kisima ni ya chumvi, ya kunywa na kupikia tunanunua kwa mkokoteni au tunachanga na majirani tunaita boza. Ni haki ya mnunuzi kujua kuhusu maji, mie mwenyewe ningeuliza. Lakini wanavofanya ni kuingia na kufungua mifereji yote, ya jikoni, ya choo, ya bafu, wakiona yanatoka wanaendelea na safari yao vyumbani, hawafungi. Siku moja wamekuja wanaume watatu na ajenti wakati mie niko kazini, wameondoka wameacha mfereji wa bafu wazi, mama anasikia maji yanakwenda hawezi kuinuka kwenda kufunga, akabaki anapiga simu na mie niko kwenye mkutano simu nimeiweka kimya. Nilivorudi saa kumi na moja tangi letu la juu limekauka, boza lilikuja juzi yake tu. Mama aliniambia "nimeyasikia yakienda yote mwanangu", alivosema hivo machozi yalinitoka. Usiku huo nilinunua mitungi minne ya maji matamu, shilingi 40 kila mtungi, nikalipa na kijana wa kunipandishia.

Viatu sitavisema sana. Mlangoni kuna viatu vyetu, ndani kuna mkeka na zulia, mtu anaona kabisa halafu anakanyaga na viatu vya njiani mpaka chumbani. Wengine wanafungua friji. Kuna mama mmoja alifunua sufuria yangu ya mbaazi jikoni akachungulia akafunika, sijui alikua ananunua nini. Kuna waliokuja na watoto wakawaachia waruke kitandani na viatu huku wao wanapima ukuta wa sebule kwa hatua.

Lakini la asmini siwezi kulipita. Kwenye veranda mama ana pipa la asmini, ndo kitu kimoja anachokitunza bado kwa mkono wake, jioni namtoa na kiti anachuma vitumba kabla havijafunguka anavitunga, kimoja anaweka karibu na mto wake. Alikuja mke na mume, watu wa heshima kwa kuwatazama, yule bibi akasimama verandani anazungumza na simu na huku mkono mwingine unachuma, unachuma, alivomaliza simu ameshavikusanya kiganjani akavitia kwenye mkoba. Vyote. Hakuuliza ni vya nani. Mama alikua pale pale kwenye kiti, hakusema kitu, alimuangalia tu. Nikamwambia yule bibi "hivo ni vya mama", akanijibu "si maua tu dada", na ajenti akacheka nae.

Ya ufunguo sasa. Ilikua siku ya Alhamisi, mie nimeteremka dukani mara moja, mama amemaliza kuoga, yuko na leso moja, kichwa wazi. Ajenti amekuja na wanaume wawili, hodi hakupiga, simu hakupiga, ametia ufunguo amefungua. Mamangu ni mtu wa stara maisha yake yote, hata mafundi wakija wanasubiri nje mpaka ajifunike. Nilivopanda ngazi nikawakuta sebuleni wanazungumza bei na mama amejivuta mpaka nyuma ya mlango wa chumba, amejishika na kitasa, anatetemeka. Nikawatoa wote watatu. Ajenti akaniambia hapa ni biashara dadangu, mteja hangojwi. Nikamdai ufunguo wangu pale pale, akanipa, lakini nilibadilisha kitasa siku ya pili kwa sababu sikuweza kujua amechonga funguo ngapi.

Hapo ningemuachisha. Sikumuachisha, kwa sababu nilishasubiri miezi miwili na dadangu alishatengeneza chumba Mtwapa, nikasema nimpe masharti: saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu tu, niwepo mimi, Ijumaa hapana, na ikikaribia magharibi hapana. Akakubali. Wiki hiyo hiyo akaleta mtu saa kumi na mbili na nusu, adhana inaadhiniwa, mama ameelekea kibla kwenye kiti. Nikamwambia yule mgeni kwa upole tu, ndugu yangu leo haiwezekani, njoo kesho mapema. Akapandisha sauti: "Mimi nimelipa elfu moja kuiona hii nyumba, nitaiona yote!"

Elfu moja ya nini? Akanionyesha kwenye simu, ametuma kwa M-Pesa kwa nambari ya ajenti, ada ya kuonyeshwa. Hapo ndo nikaelewa miezi miwili na nusu iliyopita. Ajenti hakua na haraka ya kuuza, kila kichwa kilichopanda zile ngazi kilikua ni elfu moja mfukoni mwake, awe ananunua, awe anapita tu, awe ana laki mbili na nyumba ni milioni saba. Ndo maana hakuwauliza watu bajeti, ndo maana hakujali saa, na wale watu nao ndo maana walikua wakali vile, mtu ameshalipa anaona ana haki ya kufungua mpaka kabati la nguo. Najua ada hii imezoeleka kwa wanaotafuta nyumba za kupanga, na wanaotafuta wanaumia nayo sana. Lakini mimi mwenye nyumba sikuambiwa kwamba mlango wangu unatozwa.

Bado kulikua na moja zaidi, na hili liligusa pesa zetu. Nikiwa naanua nguo verandani nikamsikia yuko uwanjani chini anamwambia mteja, "Hawa wana haraka, mama mgonjwa, we wape tano na nusu watashuka." Yule ni ajenti wangu mimi, anaelipwa na mimi. Kama ni lazima umwambie ajenti sababu ya kuuza, mwambie kidogo. Na ugonjwa wa mzazi wako usimwambie kabisa.

Nikamuandikia ujumbe kwamba kazi imekwisha, asilete mtu tena. Kwa bahati hatukusaini nae mkataba wa kumfunga mtu na ajenti mmoja tu, tungesaini sijui ningetokaje.

Wa pili ni mama mmoja ana ofisi ndogo hapa mjini, alinionyesha cheti kabla sijaomba. Alivokuja mara ya kwanza alivua viatu, akaenda kumuamkia mama chumbani, shikamoo, akamuuliza yeye mwenyewe: saa gani inakufaa watu wakija? Hakuna alieuliza hivo kabla yake. Ufunguo hakutaka. Kila mtu alizungumza nae kwenye simu kwanza, unanunua kwa pesa taslimu au mkopo wa benki, mkopo umeshakubaliwa au bado, umeambiwa ni ghorofa ya tatu bila lifti? Wengi waliishia hapo hapo, hawakufika kwetu. Maji alikua anawaeleza yeye, siku zinazokuja, tangi lita ngapi, kisima ni cha chumvi, na akitaka kuona mfereji anaufungua yeye na anaufunga yeye. Vidio ya vyumba vya kulala hakuruhusu mtu apige mama akiwa ndani.

Wiki tano, watu sita. Na nikagundua mnunuzi wa kweli unamjua kwa maswali. Hafungui friji. Anauliza hati iko kwa jina la nani, fleti ina hati yake peke yake au ni ya jengo zima, kwa sababu sheria ya 2020 ya fleti imebadilisha mambo hayo, anauliza malipo ya mwezi ya jengo, parking, nani anashughulikia pampu. Alienunua alikuja mara tatu, mara ya pili na wakili wake alishafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, mara ya tatu alikuja na mkewe na yule mkewe akasimama verandani akauliza "hii asmini mtaichukua?" Mama akamwambia pipa nitaondoka nalo lakini nitakukatia kijiti. Tumeuza milioni 6.9, asilimia 10 ililipwa siku ya kusaini, iliyobaki ndani ya siku 90, na imekuja yote.

Komisheni ya huyu mama ilikua ile ile asilimia 3. Ningemlipa hata zaidi.

Yule wa kwanza vidio yake ya fleti aliiacha kwenye ukurasa wake, na kwenye vidio hiyo anapita chumbani na mama yuko kitandani anaonekana uso. Nilimuomba mara mbili aitoe, mara ya kwanza akasema sawa, mara ya pili hakujibu. Nikamuandikia mara ya tatu kwamba kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na kwamba napeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, nikamuwekea na picha ya fomu niliyokwisha ijaza. Ilitoka usiku ule ule. Mama sikumwambia kama ilikuwepo.

Sasa hivi yuko Mtwapa, pipa liko nje ya dirisha lake, na kwa mke wa yule alienunua kijiti kimeshashika.