Miezi tisa na kifaa cha taya: kukoroma kumepungua, mate yameongezeka

Nimekitumia miezi tisa sasa, nadhani naweza kukisema bila kukionea. Ni kile kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele ukiwa umelala ili koo lisizibe. Nilitengenezewa na daktari wa meno hapa Dar. Vibao viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha juu kimoja cha chini, na skrubu ndogo pembeni. Ukikivaa unafanana na bondia aliyesahau kuvua kinga ya meno.

Kilichonifikisha huko ni kusinzia kwenye foleni ya Mwenge saa mbili asubuhi. Honi za daladala ndizo zilizonizindua. Mke wangu alishalalamika siku nyingi kwamba nakoroma, nanyamaza ghafla, kisha nashtuka kama mtu aliyepaliwa. Nikapewa kipimo cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Majibu yakasema pumzi inakatika au kupungua mara 11 kwa saa, kila mara sekunde 10 au zaidi. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi, daktari akaniambia, na 30 kwenda juu ni kali. Ila nikilala chali nilifika 19, kwa ubavu 4 tu.

Kwa hiyo nilianza na ubavu, maana haulipiwi. Nikampelekea fundi cherehani fulana aishonee mfuko wa kutia mpira wa tenisi. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika mfuko unakaa mgongoni. Na inafanya kazi! Ukigeuka chali mpira unakusumbua, unarudi ubavuni bila hata kuamka vizuri. Shida ni joto la Januari: nilikuwa naivua fulana usingizini, asubuhi naikuta sakafuni.

Nikakodi mashine ya CPAP wiki mbili, ile inayokupulizia hewa kwa bomba na barakoa ili koo lisizibe. Kwa nguvu hakuna kinachoifikia. Namba ilishuka chini ya 2. Lakini bomba lake lazima lipite chini ya chandarua, na palipopita bomba mbu nao walipita. Usiku mmoja umeme ukakatika, nikaamka na barakoa usoni, upepo hakuna. Shemeji yangu, ambaye kipimo chake kilisoma 42, ana mwaka wa tatu na mashine yake na betri ya akiba, na ukimwambia aiache hamtaelewana. Yeye hana cha kuchagua. Mimi wa 11 nilikuwa nacho.

Kuhusu vile vya mtandaoni unavyovichovya kwenye maji ya moto na kuving'ata: nilinunua kimoja. Kilinuka plastiki na kila alfajiri nilikikuta kwenye mto. Basi.

Hiki cha daktari kiligharimu kama friji ndogo, na bima yangu haikutoa hata senti. Kwanza alikagua meno na ufizi, kwa sababu meno yanayolegea hayahimili kuvutwa usiku kucha. Akachukua vipimo kwa ule ujiuji unaoganda mdomoni (pumulia puani, usiwaze kutapika), baada ya wiki mbili nikaitwa. Taya halivutwi lote siku ya kwanza. Unazungusha skrubu kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka kukoroma kunyamaze au taya likatae. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa naamka na maumivu karibu na masikio, mto umelowa mate kama wa mtoto anayeota meno. Maumivu yaliisha. Mate yamepungua, hayajaisha.

Hadi leo, nikikitoa asubuhi, magego hayakutani. Nang'ata kijibao kidogo nilichopewa kama dakika kumi, ndipo chapati inatafunika. Daktari alinionya wazi kwamba kwa miaka meno yanaweza kuhama kabisa, ndiyo maana narudi kukaguliwa. Anayekuuzia bila kukutajia hilo, mkimbie.

Kipimo cha pili, mwezi wa nne tangu nianze kukivaa, kilisoma 5. Sitakipa kifaa sifa zote: nilikuwa nimepunguza kilo 6 na nimeacha bia za usiku, ambazo hulegeza misuli ya koo. Ila wakati wa sikukuu nilikula na kunywa kama zamani, nikawa nakivaa, na sikulalamikiwa sana. Foleni ya Mwenge ipo palepale. Siku hizi naikaa macho, nakasirika kama wenzangu.

Kukiosha ni mswaki, sabuni kidogo na maji baridi. Maji ya moto yanakipinda, usijaribu. Na ukisafiri kibebe kwenye mkoba wa mkononi. Nilikisahau tulipokwenda msibani Tanga, na usiku wa pili wanaume wote wa chumba kile walikuwa wamehamishia mikeka barazani.