Wakili wa kesi ya kuendesha gari umelewa, Ontario: uzoefu wangu baada ya kesi ya mdogo wangu

Huduma ninayoizungumzia ni ya wakili binafsi wa kesi za jinai, kando ya Toronto, tuliyemlipa dola 6,500 bila kodi amtetee mdogo wangu aliyekamatwa akiendesha gari huku amekunywa. Jina la ofisi nimeliacha. Wifi yangu hataki watu wa jumuiya waunganishe mambo, na kesi ni ya mumewe, siyo yangu. Mimi nilikuwa mlipaji mwenza, mpiga simu na mkalimani wa nyumbani, kwa hiyo nimeiona kazi ya huyu mama tangu mwanzo mpaka mwisho.

Pombe alikunywa, hilo halina ubishi hata ndani ya ukoo. Alitoka kwenye sherehe ya ubatizo, akakuta kizuizi cha RIDE, ule msako wa walevi barabarani ambao kila dereva wa Ontario anaujua, akapulizishwa, kifaa kikaonyesha amezidi. Kituoni akapuliza tena mara mbili kwenye mashine kubwa. Majibu: 100 na 90. Sheria ya jinai ya Kanada inakushika kuanzia miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu. Usiku uleule leseni ikafungiwa siku 90 na gari likaburutwa yadi kwa siku saba. Hayo ni ya serikali ya mkoa, hayasubiri hakimu, na gharama za kuvuta na kulitunza gari ni juu yako.

Wakili huyu hakuwa wa kwanza kumwona. Tulianza kwenye ofisi nyingine ambayo bei yake ilikuwa chini ya nusu, na ushauri wake ulikuwa mtamu kuusikia. Kosa la kwanza, faini ya chini kabisa ni dola 1,000, na akikiri mapema, ndani ya siku 90 tangu kukamatwa, leseni inafungiwa miezi mitatu badala ya mwaka mzima, mradi afunge kwenye gari kile kifaa cha kupuliza kabla injini haijawaka na akae nacho miezi tisa. Mdogo wangu kazi yake ni kupeleka mizigo kwa gari. Aliposikia miezi mitatu akaniambia, "Dada, tumalize tu." Hakuna aliyemuuliza ni raia au siyo raia.

Yule mama swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Hajamuuliza alikunywa nini wala ngapi, kamuuliza ana karatasi gani za kukaa nchini. Tukamwambia ni mkaazi wa kudumu, mkewe ndiye aliyemwombea. Basi akatupa somo ambalo naliandika hapa kwa urefu kwa sababu wengi wetu huku tunatembea na kadi ya ukaazi mfukoni na hatulijui.

Tangu tarehe 18 Disemba 2018, adhabu ya juu kabisa ya kuendesha umelewa nchini Kanada ilipandishwa kutoka miaka mitano hadi kumi. Hakuna hakimu atakayemfunga miaka kumi mtu wa kosa la kwanza aliyepuliza 100. Lakini sheria ya uhamiaji haiishii kwenye adhabu uliyopewa, inaangalia pia adhabu ya juu ambayo kosa lenyewe linaweza kubeba. Ikifika miaka kumi, kosa linaitwa jinai nzito, na mkaazi wa kudumu aliyepatikana na hatia anaweza kufunguliwa jalada la kuondolewa nchini. Hata kama mwendesha mashtaka alichagua kuiendesha kesi kwa njia nyepesi, uhamiaji wanaihesabu kama nzito. Yaani unalipa faini ya dola elfu moja, unatoka mahakamani unashukuru Mungu, halafu inakuja barua nyingine kabisa. Aliyepigwa faini tu bado ana haki ya kukata rufaa ya uhamiaji, alitufafanulia, ila hiyo ni kesi nyingine, pesa nyingine, na roho juu kwa muda mrefu.

Nikamuuliza, mtu akikiri bila kujua haya, si anarudi mahakamani kueleza? Akanitajia hukumu ya Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ya mwaka 2018, kesi ya Wong, iliyohusu mtu aliyekiri kosa la dawa za kulevya bila kujua litamharibia ukaazi. Majaji wengi walikataa kumruhusu aondoe kukiri kwake. Mpaka hapo mimi nilishaona dola zangu zimerudi, na jalada la polisi alikuwa hajalifungua.

Jalada lilipokuja (huku upande wa mashtaka lazima ukupe ushahidi wake wote, video zikiwemo) akalisoma kweli. Nasema kweli kwa sababu alituita akatuonyesha ratiba aliyoiandika kwa mkono, dakika kwa dakika: saa ya kusimamishwa, saa ya kupuliza barabarani, saa ya kukamatwa, saa ya kila sampuli. Halafu akaanza kuzivunja hoja zetu moja baada ya nyingine, bila huruma.

Askari hakuwa na sababu ya kumshuku? Haihitajiki. Tangu hiyohiyo 2018 askari aliyekusimamisha kihalali na ana kifaa mkononi anaweza kukuambia upulize, basi. Kifaa kilichelewa kuletwa? Hapo kuna hoja nzuri, maana mwaka 2023 kwenye kesi ya Breault mahakama ya juu ilisema askari akikudai upulize papo hapo wakati hana kifaa, dai hilo si halali. Lakini wa kwetu alikuwa nacho. Mashine ya kituoni ilikuwa mbovu? Ilijipima yenyewe kama inavyotakiwa, na sampuli mbili zilipishana kidogo mno kuzitilia shaka. Nilichelewa kuuliza habari ya yule kaka wa kwenye kundi la WhatsApp aliyeshauri mtu akikamatwa atafune Big G, au agome kabisa kupuliza. Big G aliicheka. Ya kugoma hakuicheka: kukataa kupuliza ni kosa la jinai linalojitegemea, na faini yake ya chini ni dola 2,000, mara mbili ya aliyepuliza akazidi kidogo.

Kilichobaki ni video ya chumba cha kupuliza. Mdogo wangu Kiingereza chake ni cha kuokoteza kazini. Kwenye video askari anasoma haki zake kwenye kadi, haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma maneno hayo mara nyingi. Anamuuliza kama ameelewa. Mdogo wangu anatikisa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo. Anaulizwa kama anataka kumpigia wakili. Anajibu kwamba hana hela. Halafu anageukia ukuta na kusema kwa Kiswahili, pole pole, "Dada atajua tu cha kufanya." Askari anamsogezea mrija wa kupulizia.

Wakili aliisimamisha video hapo akaniuliza kasema nini. Nilipomtafsiria, akairudisha nyuma akaiangalia tena kimya.

Maelezo yake yalikuwa haya. Ukishakamatwa, una haki ya kuongea faragha na wakili kabla ya kupuliza kituoni, na wapo wa bure kwa simu usiku na mchana. Mtu aliyejibu "sina hela" hajakataa wakili, ameonyesha kwamba hakuelewa kuwa ni bure. Na tangu kesi ya Vanstaceghem ya mwaka 1987, iliyomhusu dereva msemaji wa Kifaransa, Mahakama ya Rufani ya Ontario ilishasema kwamba dalili zikionekana kuwa mtuhumiwa hajui Kiingereza vizuri, polisi hawawezi kumsomea kadi tu na kuendelea. Inabidi wahakikishe ameelewa, ikiwemo kumtafutia mkalimani. Haki hiyo ikivunjwa, hakimu anaweza kuyatupa majibu ya mashine. Anaweza tu. Halazimiki, na alitukumbusha hilo hadi likachosha.

Tafsiri yangu haikufaa kupelekwa popote kwa sababu mimi ni ndugu, kwa hiyo tukamlipa mkalimani mwenye cheti aiandike video yote neno kwa neno. Karatasi hizo ndizo alizompelekea mwendesha mashtaka, pamoja na barua kuhusu ukaazi wa mdogo wangu na kazi yake. Walivutana kwa miezi. Mwishowe upande wa mashtaka ukakubali aondolewe kosa la jinai na akiri kuendesha bila uangalifu, kosa la sheria ya barabara ya mkoa ambalo faini yake ni kati ya dola 400 na 2,000, na pointi sita kwenye leseni. Hakimu akampiga dola 1,500 na kumfungia leseni kwa muda. Rekodi ya jinai hana. Ukaazi haujaguswa.

Sasa malalamiko yangu. Simu zake hapokei, anapokea msaidizi ambaye kila siku wakili wake "yuko mahakamani". Ile 6,500 ilikuwa ya kufika hadi makubaliano tu. Kesi ingesikilizwa hadi hukumu tungeongeza dola 4,000, na hilo lilikuwa kwenye mkataba kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, sikuambiwa kwa mdomo mpaka nilipouliza. Mkalimani tulimlipa pembeni. Na ni mkali: mdogo wangu alipojaribu kumweleza kwamba zilikuwa bia mbili tu, alimwambia aweke maneno hayo, mashine ilishahesabu. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo, wifi yangu alinuna wiki nzima.

Nampa nyota nne. Kama wewe ni raia, umepuliza juu sana, video yako iko safi na hoja hakuna, sioni sababu ya kumlipa pesa zote hizo. Ile njia ya kukiri mapema na kifaa kwenye gari inaweza kukutosha, muulize wakili yeyote makini. Lakini kama una kadi ya ukaazi, au kibali cha kazi au cha masomo, mpigie mtu wa aina yake kabla ya kusaini chochote, na mwombe akuandikie kwenye barua pepe kitakachotokea uhamiaji ukikiri. Kabla ya kulipa, tafuta jina lake kwenye orodha ya Law Society of Ontario, chombo kinachosimamia mawakili wa mkoa, ni bure, na inaonyesha kama amewahi kuadhibiwa. Bima ya mdogo wangu imepanda hata hivyo. Kampuni ya bima haikuuliza habari za Vanstaceghem.