Ruta ya nyumbani: anza na Wi-Fi 6 ya bendi mbili

Chaguo langu la kwanza ni ruta ya Wi-Fi 6 (namba ni ya kizazi cha Wi-Fi, kubwa ndiyo mpya) yenye bendi mbili, yaani masafa mawili ya redio: gigahezi 2.4 na 5. Bendi ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, lakini imejaa: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wanazigombania. Bendi ya 5 ina nafasi na kasi, ila ukuta mnene huidhoofisha. Uzuri wa Wi-Fi 6 ni kwamba huweza kuigawa chaneli moja ihudumie vifaa kadhaa kwa pamoja, badala ya kuvipanga foleni. Nyumba yenye simu nyingi itaona tofauti.

Soma boksi kwa makini. Maandishi kama AX1800, yanayotaja kasi ya ruta, hayana maana kwamba simu yako itapata megabiti 1,800 kwa sekunde. Hapo zimejumlishwa 574 za bendi ya 2.4 na 1,201 za bendi ya 5, kisha jumla ikakadiriwa, wakati simu ya kawaida hutumia bendi moja kwa wakati mmoja. Na hizo ni kasi za kinadharia. Nyumbani utapata pungufu. Geuza ruta uangalie matundu ya waya: tundu la intaneti likiwa la megabiti 100, hata ukilipia kifurushi cha 300 hutazidi 100. Hili linanikera, kwa sababu huandikwa kwa herufi ndogo mno. Dai gigabiti 1.

Bajeti ikibana, ya pili ni Wi-Fi 5. Bado inafaa kwa video na kazi za kawaida, ingawa bendi yake ya 2.4 huendeshwa na teknolojia ya Wi-Fi 4, ya mwaka 2009.

Wi-Fi 7 naiweka ya tatu. Ni nzuri kweli, lakini kama simu na kompyuta zako haziiwezi, unalipia usichokitumia.

Wi-Fi 4 ya bendi moja, iache.

Yoyote utakayochukua iwe na ulinzi wa WPA3, au angalau WPA2.

Kama nyumba ni kubwa, usikimbilie kifaa cha kurudia mawimbi. Kikipokea na kutuma kwa bendi ileile, kasi hupungua karibu nusu. Afadhali uvute waya hadi upande wa pili, ufunge ruta nyingine huko.